Njia ya Kurudi kutoka Bumbuli

Lushoto, Jumapili baada ya ibada

Baba,

Shikamoo. Miezi mitano imepita tangu kichomi kikuchukue, na baiskeli yako sasa naipanda mimi. Mama alipinga. "Mwanamke juu ya baiskeli, Naemi? Watu watasema nini?" Nikamwambia watoto hawasubiri mkunga afike kwa miguu. Nimeshusha kiti, nimeweka mipira mipya ya breki, na sketi naifunga kwa pini nisinaswe na cheni.

Nakuandikia kwa sababu ya ile njia. Sote tulijua wewe, mwinjilisti, unakwenda Bumbuli kila mwisho wa wiki kwa barabara ya gari, unapita Soni kwenda, unapita Soni kurudi. Lakini Jumamosi moja ya vuli nilikuwa nachuma maharage upande wa Ubiri, nikakuona unashuka kutoka mlimani, baiskeli begani, matope mekundu hadi magotini. Nikakuuliza umetokea wapi. Ukacheka. "Nimekatiza tu, mwanangu." Ukanipa Biblia nikubebee, ukaanza kunisimulia habari za kwaya.

Umekatiza wapi, Baba? Miaka sita nimekaa na swali hilo.

Sasa lilikuwa limegeuka kuwa kazi. Zahanati imenipa vijiji vya njia ya Soni, Bumbuli, na vile vya juu nyuma ya msitu. Hivyo vya juu nilikuwa sivifikii. Mwezi uliopita mama mmoja wa huko alifariki akijifungua, nami nikapata habari amekwisha kuzikwa. Nikachukua kalenda ya zamani, nikachora mzunguko nyuma yake: Lushoto, Soni, Bumbuli, kisha mstari wa nukta nukta mpaka Ubiri, kwa sababu hapo sikujua kitu.

Sokoni Soni niliwauliza akina mama wa kabichi. Mmoja akasema njia ipo. Mwenzake akasema, "Ya mtu ndiyo, ya chuma hicho hapana." Nikawaza nianzie upande gani. Nikianza na Ubiri, ningeuteremka mlima kwa upande wake mkali wa Bumbuli, na breki zako nazijua, hata zikiwa na mipira mipya. Nikaona heri kusukuma kupanda kuliko kuvunjika shingo kushuka. Kwa hiyo Soni kwanza, asubuhi, miguu ikiwa bado mizima.

Ijumaa nikaenda. Mteremko wa Soni ulinitoa machozi ya upepo. Milima ya kwenda Bumbuli niliipanda nusu, nusu nikasukuma, watoto wakinifuata wakipiga kelele. Baada ya Bumbuli nilisukuma tu. Kule juu Mzungu wa kilimo amewachimbisha watu matuta, na matuta yameikata njia vipande. Nikapotea mara mbili.

Mara mwanamke mwenye ushungi akasimamisha jembe, akanisalimu kwa kilugha chetu. "Onga mshi!" Nikaitikia. Hakunitazama usoni, alitazama madigadi, pale ulipopaka rangi ya kijani.

"Baiskeli ya Mwinjilisti umeitoa wapi?"

"Ni ya baba yangu."

"Basi wewe ni Naemi. Mimi ni shangazi yako, Eliwaza. Yeye mwenyewe yuko wapi? Jumamosi zote hizi simwoni."

Baba, nilijua jina hilo kwa sababu moja tu: babu alikataza litajwe. Tuliambiwa Eliwaza aliolewa na Mwislamu akapotelea pwani. Kumbe yuko hapa, mwendo wa asubuhi moja kutoka kwetu, na wewe ulikuwa unampitia kila wiki. Na hakuna aliyempelekea habari ya msiba, kwa maana hakuna aliyejua pa kuipeleka.

Ilibidi nimwambie mimi. Nilisema vibaya, nilisema haraka. Akakaa juu ya tuta, akashika gurudumu la mbele kama mtu anavyoshika mkono wa mgonjwa. Tukalia. Kisha akanipikia uji, akanitangulia peku mpaka juu ya Ubiri, akinionyesha: hapa panda, hapa beba, hapa kuna jiwe linaloteleza. Nikatokea kwenye maharage yetu jua likiwa bado liko juu. Mzunguko unafunga, Baba. Siku moja inatosha.

Sina hasira nawe. Nina maswali. Mlikuwa mnaongea nini? Mlisali pamoja, kila mtu kwa sala yake? Mama ulimficha ukiogopa nini?

Maana nimemwambia jana jikoni. Aliendelea kusonga ugali hadi ukaiva. Halafu akasema, "Eliwaza ndiye aliyenisuka siku ya harusi yangu." Akafunika sufuria. "Huo mlima, mtu mwenye magoti mabovu anaupanda?"

Nikamwambia anaupanda, polepole.

Tutakwenda Jumamosi. Mama atatembea, mimi nitasukuma mzigo: maharage, sukari, na lile koti lako la sufu, Mama amesema huko juu kuna baridi. Nakuahidi, kila wiki ya pili nitauzunguka mlima wote, na hakuna mama wa kule atakayejifungua peke yake kwa sababu mimi sijui njia.

Lala salama, Baba. Yale maswali nitamwuliza dada yako.

Mwanao,
Naemi