Programu Niliyoiita Palilia

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na mwangaluka pia, maana najua barua hii utasomewa asubuhi, kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Msomaji atakuwa dada yangu Minza, kwa hiyo Minza, soma yote, usiruke pale nitakapokutaja. Baba, goti lako linaendeleaje? Mama bado anagombana na wewe kuhusu dawa? Na pamba, imetoka vizuri au mvua zimewaharibia? Mimi huku Uingereza mwili ni mzima. Moyo ndio una hasira, na leo nitakueleza sababu.

Uliniletea neno kwamba wakwe wamechoka kungoja, na kwamba ng'ombe wa mahari ya Minza hawataingia zizini mpaka mimi, kaka mtu, niwepo kuwapokea. Nikaenda kwa msimamizi wangu kuomba ruhusa ya wiki tatu. Akasema nitaipata nikimaliza kazi iliyo mezani.

Kazi yenyewe sijawahi kukueleza vizuri. Kompyuta yetu ni ghala kubwa la kumbukumbu. Anayetaka kujua jambo huandika maagizo ya kuliuliza, na maagizo hayo huwekwa kwenye faili ili yatumike tena. Lakini wanaoandika ni wengi, kila mmoja na vurugu zake. Huyu anaandika kwa herufi kubwa tupu, yule ndogo tupu, mwingine anashindilia mistari yote katika mmoja kama magunia kwenye lori la pamba. Mimi niliajiriwa kuyanyoosha yawe na sura moja bila kubadilisha maana yake, faili moja baada ya jingine. Kwa mkono, ningemaliza Minza akiwa bibi.

Nikaamua kuandika programu itakayoifanya kazi hiyo. Nilitumia hata Jumapili zangu, na misa nikaikosa mara nyingi (Minza, hapo ukipenda ruka, Mama asisikie). Ilipokamilika, ikawa unaandika neno moja kwenye kioo pamoja na jina la faili, unabonyeza kitufe, basi. Faili linaingia na magugu, linatoka safi. Neno lenyewe niliweka “palilia.” Wazungu walilitamka vibaya nami nikawacheka. Nilifurahi, Baba, kama siku ile uliponiachia niongoze maksai peke yangu.

Sasa sikia ujinga wangu. Kazi ilipokwisha mapema sikukaa kimya kama wajanja wa hapa. Nilimpa kila mtu ofisini programu ile, nikakaa na mmoja mmoja kumwonyesha inavyotumika. Ndivyo nilivyolelewa. Kwetu tukilima kwa bugobogobo, ngoma inalia, ukimaliza tuta lako unageuka kumsaidia mwenzako. Hakuna anayefukuzwa shambani kwa sababu jembe lake ni jepesi. Mwenye kasi ndiye anayeimbwa, na wote hula chungu kimoja.

Jumatatu msimamizi akaniita. Akanipa chai, nikadhani ndiyo ruhusa yangu hiyo. Akanisifu sana, kisha akasema, “Umetufanyia kazi nzuri hata hatuna tena kazi ya kukupa.”

Nikamwambia mimi nimeomba wiki tatu tu. Akajibu kwamba sasa naweza kwenda kwa muda wowote nipendao. Na kibali changu cha kuishi nchi hii kinategemea kazi hiyo, ikikatika nacho kimekwisha. Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu, wenzangu niliowafundisha waliinamia meza zao, hakuna aliyesimama hata kunipa mkono. Programu wamebaki nayo, ila jina wamelifuta. Siku hizi wanaiita kwa herufi tatu ambazo hazina maana kwa yeyote.

Nina uchungu, Baba. Watu husema shukrani ya punda ni mateke, lakini punda akikupiga teke hakutabasamii. Hawa walitabasamu.

Basi waambie wakwe walete ng'ombe. Nikifika Kahama nitatafuta lori la kunileta Kharumwa, na nitakuwepo zizini kuwapokea, tena si kwa wiki tatu. Wakiuliza, sema mtoto amekuja harusini. Hayo mengine nitayasema mwenyewe. Na wewe Minza usilie, wala usidhani ni wewe uliyeniponza.

Nisalimie Mama, na mjomba ambaye najua ndiye atakayekagua pembe na kwato za hao ng'ombe. Msalimie shangazi, mpika pombe wetu. Na binamu yangu Shija, mwongoza ngoma, mwambie asimweke mtu mwingine kwenye nafasi yangu. Siku ile naondoka nilikuambia jembe langu umpe yeyote anayelitaka, kwa kuwa mimi sitalihitaji tena. Kama hujalitoa, Baba, naomba uniwekee.

Ni mimi mwanao,
Masanja