Ulidakwa au Haukudakwa

Kwa Baba Naomi, mume wangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka kwenye baridi ambayo wewe ungeikataa mlangoni. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Na kule shamba la juu, mgomba ulioinamia kwa jirani umeuwekea mti wa kuegemea, au unasubiri uanguke ndipo uniambie ndizi zilikuwa zimekomaa? Sisi huku ni wazima. Naomi amepata nguvu baada ya uzazi, anakula vizuri, na ananigombeza kwamba namfunika mtoto nguo nyingi kama gunia la kahawa. Mjukuu wako Nuru amenenepa mashavu hata macho yanapotea akicheka.

Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu habari hii ni ndefu, na wewe kwenye simu husema "sawa, sawa" kabla sijafika katikati.

Huku kuna mchezo wanaouita mpira wa miguu, ingawa mguu unaugusa mpira mara chache sana. Kazi kubwa ni ya mikono na mabega. Mpira wenyewe una umbo la parachichi, na wachezaji wanavaa kofia ngumu kama waendesha pikipiki. Waamuzi wana fulana za mistari kama punda milia. Wakiona kosa wanatupa chini kitambaa cha njano. Kisha, na hapa ndipo mimi mwalimu mstaafu nilipofurahi, mkuu wao anawasha kipaza sauti na kuueleza uwanja mzima: kosa ni hili, aliyelifanya ni huyu, adhabu yake ni hii. Watu wanamzomea, lakini wanazomea wakiwa wameelezwa. Nilikukumbuka wewe na wazee wenzako wa kanisa, mnavyotoka kwenye kikao na kusema tu, "Tumeamua."

Sasa sikiliza. Mkwe wetu Elibariki anaipenda timu ya mji huu kupita kiasi. Rafiki yake Tumsifu, fundi magari aliyekulia Ngarenaro, anaishi jengo la ng'ambo ya maegesho, na yeye anashangilia timu ya mji mwingine, nadhani kwa ajili ya kumuudhi Elibariki tu. Huyu Tumsifu ndiye aliyemkimbiza Naomi hospitali siku ya uchungu, Elibariki akiwa kazini. Ndiye waliyemchagua awe baba wa ubatizo wa Nuru.

Jumapili moja timu zao zilikutana. Nilikuwa nimepika ndizi na nyama, nikapakua, wao macho kwenye televisheni. Mchezaji wa Elibariki akaruka, akadaka mpira mwishoni kabisa mwa uwanja, akaanguka nao. Mwamuzi akanyoosha mikono juu, kumbe maana yake wamepata alama. Elibariki akaruka hata Nuru akaamka. Halafu wakasema subiri, wanaangalia picha upya, kama ile VAR mnayoilalamikia huko. Sheria yao ni kwamba mdakaji akianguka, lazima mpira ubaki umetulia mikononi mwake hata baada ya kugusa chini. Picha zikaonyeshwa polepole, tena na tena. Mimi nilitazama na miwani yangu na bado sijui. Mwamuzi akarudi na kipaza sauti: haukudakwa.

"Mshukuru mwenye macho!" Tumsifu akapiga makofi.

"Macho gani? Huyo refa mmemnunua!"

"Tumnunue ya nini, shemeji, wakati timu yenu inajifunga yenyewe? Mikono ina siagi!"

"Wewe umekuja hapa kula au kunitukana?"

"Vyote viwili."

Tumsifu alikuwa anatania, alicheka. Lakini Elibariki, ambaye unamjua ni mpole, akasema, "Kashangilie kwako basi. Hapa ni kwangu."

Baba Naomi, sahani ilikuwa mbele ya mgeni, haijaguswa. Tumsifu alisimama, akaniaga mimi kwa heshima, akavaa koti na kuondoka. Chakula kikabaki pale kinatoa mvuke.

Siku zikapita bila simu wala salamu. Wakipishana kwenye maegesho kila mmoja anatafuta funguo mfukoni. Ubatizo unakaribia, na Naomi analia jikoni: "Mama, nitamtafuta nani mwingine? Na hata nikimpata, nitamwangaliaje Tumsifu?"

Kwenye ukumbi wa kuingilia wa jengo letu kuna chungu kikubwa chenye mmea ambao wao wanaona ni pambo. Siku ya kwanza kufika nilicheka peke yangu: ni sale! Lile lile tunalopanda mipakani na kuombea msamaha. Wamelipeleka ndani, wanalipangusa vumbi kwa kitambaa. Basi nikamwomba mama anayetunza jengo jani moja. Akaniuliza kama ni dawa. Nikamwambia, kwa namna fulani, ndiyo.

Nikamwekea Elibariki mezani. Mchaga wa Machame hahitaji kuelezwa. Alilitazama muda mrefu.

"Mama, siwezi."

"Kwa nini?"

"Nikimpelekea sale, nimekubali kwamba mpira haukudakwa."

Nilitaka kucheka lakini uso wake ulikuwa wa mtu mwenye shida kweli. Nikamwambia, "Mwanangu, yule mwamuzi wenu hasemi tu 'mmekosa'. Anataja kosa. Na mimi nitaje lako. Habari ya mpira ni ya wenye fulana za mistari, waachie. Kosa lako ni kumfukuza mtu mbele ya sahani yake. Sale linaenda kwa ajili ya sahani."

Akaliokota jani mezani. Kisha akasema, "Lakini ulidakwa."

"Vaa viatu," nikamwambia.

Kwa kuwa sale halipelekwi bila mtu mzima wa kushuhudia, nilivaa makoti mawili, tukavuka theluji, mimi nimemshika mkono na yeye ameshika jani. Tumsifu akafungua mlango.

"Shikamoo mama." Halafu akaliona jani. Akalikagua kwa macho. "Hili si la pale mlangoni kwenu?"

"Marahaba. Ndilo. Limeombwa, halikuibwa."

Elibariki akalinyoosha kwa mikono miwili. "Nilikuondoa kwenye chakula. Nisamehe."

Tumsifu alikulia mjini, lakini bibi yake ni wa mlimani kama sisi, na anajua sale halikataliwi. Hata hivyo alijaribu. "Na mpira je?"

"Sale halina mpira," nikasema.

Akalipokea. Tukasimama hapo, pua zinatuganda.

"Haukudakwa, lakini," akasema.

"Ulidakwa."

"Ingieni ndani, mama ataumwa!"

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Kanisa lilikuwa limejaa watu wasiotujua. Mchungaji alipouliza ni nani anayemsimamia mtoto huyu, Tumsifu alijibu "Mimi!" kwa sauti kubwa hata waliokuwa nyuma wakageuka, na Nuru akaanza kulia kabla ya maji kumgusa. Elibariki alikuwa anapangusa macho na kusingizia mafua.

Nisalimie kaka yangu anayekukamulia ng'ombe, umwambie asimkamue yule mweusi kwa haraka. Salamu kwa jirani yetu wa Sekei anayenitunzia kuku, na kwa mama kiongozi wa kwaya. Na dada yako mkubwa, aliyekuwa na hofu kwamba mtoto atabatizwa ugenini bila watu wake, mfikishie ujumbe wewe mwenyewe, usimtume mtu: watu wapo.

Ni mimi mkeo, ninayekuombea heri kila nikiamka,

Mama Naomi