Kanuni ya Ngome Iliyoanguka

Nyandira, Mgeta
6 Agosti 2023

Mwanangu Modesta,

Pokea salamu kutoka huku kwenye ukungu. Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi halipendi kushuka shambani. Njegere zimekubali mwaka huu. Wewe hujambo? Hao wagonjwa unaowauguza Ujerumani wanakuachia hata nafasi ya kula?

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu na masikio yangu havielewani tena. Nina swali. Ule mchezo wa karata uliotuletea Krismasi, wenye wafalme wa Ulaya ya kale, ngome, watawa na mashujaa wa farasi, umetushika mimi na baba yako mdogo Sufiani. Kila jioni akishafunika cherehani yake tunacheza pale barazani kwake. Kanuni nilizitafsiri mwenyewe kwenye daftari. Sasa kuna mstari unasema: "Ngome ikianguka, shujaa aliyeapa kuilinda huondoka."

Huondoka kwenda wapi? Mimi nasema ametoka mchezoni, amekufa. Sufiani anasema, "Mwalimu, aliyeondoka hajafa. Anarudi mkononi kwa mwenyewe." Nimerudia Kiingereza chao, nacho kimeishia hapo hapo. Tumebishana wiki tatu. Juzi tuliachana bila kuagana, jambo ambalo halijatokea tangu tujuane.

Wewe uko karibu na waliotengeneza. Tuulizie.

Ni mimi baba yako,
Yakobo


Würzburg
29 Agosti 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia, nami ni mzima, ila zamu za wodini zimebana mno. Haya nayaandika kituoni nikisubiri basi. Pole na goti. Lipake ile dawa niliyokuachia, usiifiche kabatini.

Kuhusu shujaa: wewe ndiye uko sahihi, baba. Ngome ikianguka, amekufa. Basi msigombane. Msalimie sana baba mdogo, mwambie gauni la kitenge alilonishonea bado linasifiwa hapa kanisani.

Basi limefika.

Binti yako,
Modesta


Nyandira, Mgeta
1 Oktoba 2023

Mwanangu,

Salamu, na hongera kwa kazi. Goti limepata nafuu, sijui ni dawa au ni furaha.

Barua yako niliisoma siku ya gulio, pale pale barazani kwa Sufiani, watu wakiwa wamejaa wakisubiri nguo zao. Niliisoma kwa sauti, mara mbili. Watu walicheka sana. Sufiani akasema, "Mwalimu, mtoto amesema anavyodhani, hajasema nani kamwambia." Nikamjibu kwamba fundi ashone, mambo ya kusoma awaachie waliosoma. Hapo ndipo walipocheka zaidi.

Tangu siku hiyo hajacheza. Anasema ana kazi nyingi. Atapoa tu, unamjua.

Baba yako,
Yakobo


Würzburg
12 Novemba 2023

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mimi afya ninayo, amani sina.

Baba, sikumuuliza mtu. Baba mdogo aliona kweli. Nilitaka ufurahi, na basi lilikuwa linakuja. Niliposoma ulivyomjibu mbele za watu nilikaa chini. Sasa nimewaandikia wenye mchezo, na jibu limechukua wiki mbili. Wanasema shujaa hurudi mkononi kwa mchezaji wake. Hafi. Wanakiri mstari ule waliuandika vibaya na watu wengi wameulizia. Jibu lao nimelitafsiri, limo humu ndani kwenye karatasi ya pili.

Kosa la kwanza ni langu, lile la pili siwezi kukubebea. Mama alipofariki, ni baba mdogo aliyenishonea sare ya shule, na nilipotaka kumshukuru akaniambia nisimtie aibu. Nakuomba, baba, barua hii uisome pale pale ulipoisoma ile nyingine, watu wakiwepo.

Niandikie ukishafanya hivyo.

Binti yako,
Modesta


Würzburg
20 Aprili 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Hii ni barua ya tatu bila jibu. Nilimpigia dada Witness pale ofisi ya parokia, akasema wewe ni mzima na kwamba Jumapili unakuja misa kama kawaida. Nilipomuuliza kama barua zangu zinafika alisema zinafika.

Sikulaumu. Niambie tu kama mmeongea.

Modesta wako


Nyandira, Mgeta
8 Septemba 2024

Mwanangu Modesta,

Nakusalimu. Mwili haujambo. Nimechelewa kukuandikia, na kuchelewa huko sina wa kumsingizia.

Barua yako ya Novemba niliipata wiki moja kabla ya Krismasi. Niliisoma nimesimama, nikaiweka ndani ya daftari la kanuni, nikaliweka daftari juu ya kabati. Nilijiambia nitakwenda kwa Sufiani Krismasi ikipita. Kisha nikasema mvua zipungue. Kisha Pasaka. Nilikuwa nikipita njia ya juu, ya kwenye bomba, ili nisipite mbele ya baraza lake. Watu waliponiuliza kama umeandika, niliwaambia bado.

Mwezi wa tano Sufiani alianguka akiwa kazini. Kiharusi. Mwajuma, binti yake, alikuja kumchukua akampeleka kwake Turiani. Gari lilipoondoka nilikuwa shambani. Nililisikia, maana hata masikio yangu yanasikia gari kwenye mlima ule, na sikupanda kwenda kuaga.

Mwezi uliopita ndipo nikatoka. Nilishuka Morogoro, nikapata gari la Turiani, nikafika saa nane mchana. Nilimkuta amekaa kwenye kiti ukutani, mkono wa kulia umelala mapajani. Mkono ule wa mkasi, Modesta. Ulimi ni mzito, lakini ukisogea karibu unamwelewa. Alinitambua. Alisema, "Mwalimu, umekonda."

Nikatoa barua yako. Nikamsomea yote, na karatasi ya pili. Mwajuma na majirani wawili walikuwepo, nikasoma kwa sauti. Nilipomaliza akasema, "Hiyo barua ilifika kabla ya Krismasi."

Nikamuuliza amejuaje.

"Witness alipita siku ile ile kuchukua sketi yake. Akaniambia Modesta amemwandikia mwalimu. Nikajua mtoto ameuliza vizuri safari hii."

"Sasa kwa nini hukuja kuniuliza?"

"Barua ni yako," akasema. "Nilingoja uje nayo. Nilitandika mkeka barazani mpaka mwezi wa pili, kisha nikaona wateja wananiuliza namngoja nani."

Nilimwomba msamaha, mwanangu, na sikuomba kwa maneno mengi. Akasema amenisamehe tangu zamani, tena kabla ya barua kufika. Nilifurahi kama mtu aliyetua mzigo. Nikazitoa karata mfukoni, nikamwambia nitamshikia zake, nitafumba macho nisizione, yeye aseme tu ya ngapi nitupe.

Akazitazama moja moja nilipokuwa nikizipanga. Mfalme, mtawa, ngome. Alizitazama kama mtu anavyotazama picha za watu asiowajua. Kisha akasema, "Mwalimu, mchezo wenyewe nimeusahau. Tangu nianguke umefutika wote. Lakini yale maneno ya siku ya gulio ninayo."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja umri wake akiulizwa hospitali. Naamini amenisamehe kweli. Ni kwamba kichwa chake kimechagua cha kubaki nacho, na hakikuchagua zile jioni zetu.

Mwajuma alileta uji. Nikamwomba kikombe, nikamnywesha mwenyewe, taratibu, nikimfuta kidevu.

Nimekodi chumba Turiani kuanzia mwezi ujao, karibu na kwa Mwajuma. Shamba nimemwachia Fidelis wa jirani. Mimi si muuguzi kama wewe, kwa hiyo niandikie namna ya kumnyoosha mkono ule bila kumuumiza, uandike kwa herufi kubwa. Na ukiwa hujui, mwanangu, uliza kwanza.

Baba yako,
Yakobo