Magoti ya Jumapili ya Msamaha

Jumapili, 1 Machi
Kesho Kwaresima yetu Waorthodoksi inaanza. Ya Wakatoliki hawa bado, mpaka Jumatano ya Majivu. Leo ndiyo siku yetu ya kuombana msamaha. Nimewapigia magoti wote waliokuja nami Vilna kutoka Moscow — Baba Nikifor kasisi wangu, wasichana, hata mpishi. Nikaona si adabu kumruka mama mkwe. Nikapiga magoti ukumbini, mbele ya wageni wake. "Nisamehe, mama." Kwetu anayeombwa hujibu, "Mungu akusamehe," naye pia hupiga magoti. Mama mkwe kakaa kitini! Midomo inang'aa mafuta ya nguruwe. Akanibusu kwenye paji la uso, akalia. "Hatimaye, mwanangu!" Hatimaye nini? Nimenawa mara tatu, bado nanuka mafuta.

Jumatatu, 2 Machi
Sasa najua. Ngome nzima inasema mke wa mwanamfalme ametubu, ameiacha dini ya kwao, na keshokutwa askofu atampaka majivu, ishara kuwa sasa ni Mkatoliki. Kwa yale magoti! Nimemfuata mume wangu, Vaidas. Anatafuna soseji.

"Mwambie mama yako ile ni desturi tu."

"Mama amefurahi, Fetinia. Nimkatize furaha na umri ule?"

"Mlimwapia baba yangu kwamba sitalazimishwa kubadili dini."

"Nani kakulazimisha? Magoti umepiga mwenyewe." Akalamba kidole. "Majivu yenyewe kidogo, bibie. Utanawa."

Utanawa! Na mtu huyu ndiye ninayelala naye.

Jumanne, 3 Machi
Wanabugia nyama kama kesho hakuna kula. Mimi, niliye kwenye mfungo, nimeletewa kabichi. Chini yake — vipande vya mafuta, vimefichwa! Mama mkwe anacheka: "Kula, mwanangu, hayo ya kwenu yamekwisha." Nimeisukuma sahani.

Baba Nikifor amezuiwa langoni. Eti aliyetubu hana haja ya kasisi mzushi. Nani ataniungamisha sasa? Nawachukia. Basi, dhambi yangu nimeiandika hapa.

Kati ya wasichana wangu, Ustinya, binti wa mama aliyeninyonyesha, peke yake ndiye niliyebaki naye. Tumenyonya ziwa moja. Ananisihi, "Dada, inamisha kichwa kidogo tu, watatuacha." Nimemkemea mpaka akalia.

Jumatano, 4 Machi
Siendi kanisani kwao. Nimetia komeo, na Ustinya nimemfungia humu ndani nami aliporudi kutoka kuchota maji.

Basi wamenifuata. Askofu yuko nje na kibakuli chake, mama mkwe anasali kwa sauti, makusudi nisikie. Vaidas anagonga. "Fungua, unaniaibisha!"

"Aibu unaijua wewe?" Ameacha kugonga. Safi.

Ustinya kakaa na shela imeshuka hadi kwenye nyusi, ingawa jiko linawaka na humu ni joto. Nimemwambia avue, kakataa. Nimeivuta mwenyewe.

Paji lake la uso ni jeusi kwa majivu! Anasema wamemwahidi: akipakwa yeye, mimi nitaachwa. Mjinga. Nimeshindwa hata kumpiga. Nimerudi kuandika.

Mama mkwe anamwita kwa jina, taratibu, kama mwanawe. Ustinya ameinuka. Namwambia kaa. Hageuki — mkono wake uko kwenye komeo, analivuta