Kaseti Iliyojaa Salamu

Mjukuu wangu Achieng,

Hapa Rangwe tuko salama, na ng'ombe amezaa. Salamu nazikatia hapo, utaona kwa nini.

Umeniuliza ufanyeje, maana mashine yenu ya chuoni ya kutengeneza mawimbi ya umeme ina kumbukumbu ndogo, na wimbi refu haliingii lote.

Baba yangu, akiwa kazini Mombasa, alitutumia sauti yake kwenye kaseti. Kama Mjaluo yeyote, alimsalimu kila mtu kwa jina, hata fahali. Mwishowe akasema, "Sasa Atieno, neno lenyewe ni..." Kaseti ikaisha. Akafia huko huko.

Basi ingiza kwanza kipande unachokihitaji, kwani mashine hurudia kilichoingia tu. Kila nikiicheza kaseti ile, baba ananiita, naitika, kisha kimya.

Nyanyako,
Atieno