Hasira Niliyoikana Maktau

Mama Mghoi,

Katika miaka yote tuliyoishi nyumba moja sikuwahi kukuandikia barua. Haja haikuwapo. Wewe ulikuwa jikoni, mimi nilikuwa sebuleni, na ukuta uliotutenga ulikuwa wa mbao. Leo nakuandikia, na barua hii naiacha isomwe na yeyote, kwa sababu jambo ninalotaka kulikiri nililikana hadharani. Nililikana mbele ya wazee wenzangu wa kanisa, mbele ya ndugu zako, na mbele yako wewe. Nilikuwa nikisema, "Mimi sina hasira na mtu."

Unaikumbuka safari ya Mahoo. Daktari alikuwa ametuambia kwamba moyo wako umechoka, na kwamba usikae kitini kwa saa nyingi bila kujinyosha. Tulipotoka nje hukulia. Ulisema tu, "Nataka nikamsalimie mama." Mama yako amelala Mahoo, upande wa Taveta, katikati ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake, nawe ulikuwa hujafika kaburini kwake kwa miaka mingi.

Mghoi ndiye aliyekuwa na njia. Alikuwa amenunua gari kuukuu la umeme, na kwa ajili ya kukokotwa na gari hilo alikuwa ameunda trela ndogo yenye kitanda, jiko la gesi na dirisha lenye wavu. Ungekaa garini kwa muda, kisha tungesimama nawe ungejilaza humo. Mimi gari lile nilikuwa sijalipanda hata mara moja, na sababu uliijua.

Binti yetu aliacha ualimu, kazi yenye pensheni, akaenda kuchomelea vyuma katika karakana mjini Voi. Wewe ulilijua jambo hilo mwaka mzima. Kila muhula ulipokwisha nilikuuliza, "Wanafunzi wa Mghoi wamefanyaje?" nawe ukajibu, "Wamejitahidi." Nilikuja kuambiwa na kijana niliyemfundisha zamani, kwenye foleni ya posta, watu wakisikia: "Mwalimu, Mghoi amenitengenezea geti moja safi sana!"

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikala, nikashukuru, nikalala. Sauti sikuipaza. Lakini tangu siku hiyo nilianza kukujibu kwa sentensi kamili, kama mtu anayejibu maswali ya mtihani. Uliona. Siku moja ulimwambia Mghoi nikiwa karibu, "Baba yako siku hizi anazungumza kama redio."

Asubuhi ya safari Mghoi alipima kila kitu kwa mizani ya mahindi kabla ya kukipakia. Akaniambia, "Baba, tafadhali, usiongeze kitu. Uzito unakula chaji." Alipokwenda kuoga nikaongeza gunia la mahindi, mitungi miwili ya maji na mikungu miwili ya ndizi. Mkwe haingii ukweni mikono mitupu. Hivyo ndivyo nilivyolelewa huku Mbololo. Ulikuwa umekaa barazani ukiniona nikihema na gunia lile.

Tulipita Mwatate, tukapita Bura, tukaanza kupanda. Mghoi alikuwa akitazama tarakimu za chaji kwenye kioo cha gari badala ya barabara.

"Hii si kawaida," akasema. "Inashuka kama maji kwa debe limetoboka. Baba, kuna kitu uliweka?"

"Endesha gari," nikamjibu.

Wewe ukasema kutoka kiti cha nyuma, huku umefumba macho, "Muulize habari ya ndizi."

"Ndizi gani?"

"Mikungu miwili."

"Baba! Tunaenda Mahoo! Mahoo mbuzi wanakula ndizi!"

Ulicheka mpaka ukakohoa, ukakohoa mpaka Mghoi akataka kusimamisha gari, ukampungia mkono aendelee. Nami nilitazama nyika nje, vichaka vikavu na ile ardhi nyekundu, nisicheke, ingawa lilikuwa jambo la kuchekesha. Kicheko kile nilichokizuia nakijutia hadi leo.

Tuliingia Maktau gari likitambaa. Pale penye umeme wa kutosha palikuwa kwa mwenye mashine ya kusaga. Mghoi alimweleza shida yetu. Mzee yule alilizunguka gari, akavipangusa viganja vyake vyenye unga, akaniambia, "Mwalimu, nimesaga mahindi, nimesaga mtama, nimesaga mpaka muhogo. Gari sijawahi kusaga. Lakini lete."

Waya ukavutwa kupitia dirishani, na tukaambiwa tusubiri hadi alasiri. Trela tuliisogeza kivulini, ubavuni mwa kibanda cha mashine. Ulilala kitandani, dirisha wazi, upepo ukiingiza vumbi. Mimi nilikaa kwenye kidaraja cha mlango, mgongo wangu ukiwa kwako. Kisha ukasema:

"Baba Mghoi, hapo kwa kikombe kuna maji. Nitasie."

Wasio Wadawida, yaani Wataita, watanisamehe nikiwaeleza. Kwetu, mkubwa mwenye uchungu na mtu wake huchukua funda la maji, au la pombe ya muwa, akaitaja hasira yake kwa jina, kisha akayatema, akisema kwamba hasira imetoka nayo. Hiyo ndiyo kutasa. Baba yangu alikuwa akifanya hivyo uani, nami nikiwa mtoto nilimwona akimtasia dada yangu usiku ukiwa haujaingia, ili asilale na uchungu. Lakini sharti ni moja: lazima kwanza akiri kwamba alikasirika. Asiyekiri hutema maji matupu.

"Mimi ni mzee wa kanisa," nikakujibu.

"Mchungaji hayupo. Tupo mimi na wewe na hawa kuku wa watu."

"Tena, sina hasira nawe."

"Nilikuficha mwaka mzima, na huna hasira?"

"Sina."

Uliniita jina langu la ubatizo, jina ambalo hukuwa umelitumia tangu tulipokuwa wachumba. Nikageuka. Ulikuwa umejiinua kwa kiwiko, na uso wako ulikuwa wa mtu aliyeleta ombi ofisini akaambiwa arudi kesho.

"Haya," ukasema. "Basi nitakwenda nayo."

Ukageukia ukuta. Mimi nikakichukua kikombe kile nikayanywa maji, kwa sababu nilikuwa na kiu.

Safari iliyobaki ilikuwa nzuri, na uzuri wake unaniumiza kuliko mengine. Kutoka Maktau barabara huteremka, na Mghoi alifurahi kutuonyesha jinsi gari linavyojirudishia chaji kwenye mteremko. Ndovu walivuka mbele yetu, wekundu kwa vumbi, na kwa kuwa gari halina mngurumo hawakushtuka. Ulinong'ona kana kwamba uko kanisani, "Na watoto wao, tazama." Mahoo wifi yako alizipokea ndizi zangu kwa mikono miwili na uso mkavu, kisha nikasikia jikoni kicheko cha wanawake watano. Ulikaa kaburini kwa mama yako kutwa nzima. Ulilala siku tatu katika trela ile chini ya migomba, na asubuhi ulifungua dirisha ukautazama mlima wenye theluji kabla mawingu hayajaufunika.

Hukuniomba tena. Tuliporudi ulianza kuniita "Mwalimu". Ulinipikia, ulinifulia, ulinipa dawa zangu kwa wakati. "Mwalimu, chai." "Mwalimu, mvua inakuja." Ulifia katika mvua zile za masika.

Siku ya maziko nilisimama mbele ya watu nikasema, "Mimi na mama huyu tuliishi bila hasira." Watu wote waliitikia amina. Mghoi hakuitikia. Siku ile ya Maktau alikuwa nyuma ya trela akiukagua waya, na alisikia kila neno. Tangu maziko hayo amekuwa akija nyumbani kila Jumamosi, akinipikia, akifagia, akiniaga, na kati yetu hapakuwa na neno lolote lenye uzito.

Jumamosi iliyopita aliniambia kwamba amepata kazi Lodwar, ya kuunda trela kama ile kwa watu wanaozunguka nyika za kule. Angeondoka kesho yake alfajiri. Alisema hivyo akifunga mkoba, hakukaa. Nikaona jinsi mtoto anavyoondoka kwa mzazi asiye na hasira naye wala furaha naye, mzazi anayejibu kwa sentensi kamili.

"Ngoja," nikamwambia. Nikaleta maji. "Mghoi, nilikuwa na hasira."

"Najua, Baba."

"Usiseme unajua. Niache niseme."

Nikasema. Nilikasirika kwamba aliacha kazi bila kuniuliza. Nilikasirika kwamba kazi mpya aliiweza. Nilikasirika kwamba geti lake lilisifiwa mbele yangu foleni nzima ikisikia. Kisha nikajaza maji kinywani nikayatema, na kwa kuwa sikuwahi kufanya hivyo maishani, nusu yalinimwagikia kifuani. Alicheka, akashika mdomo, akalia. Nikampangusia machozi kwa lile shati lililolowa. Alichelewa kuondoka kwa saa mbili, na mazungumzo yetu mengi yalikuwa juu yako.

Alipokwenda nilisimama kando ya kaburi lako, nikijua kwamba nimechelewa. Nilimuuliza mzee mmoja wa ukoo wetu kama maji yanaweza kutemwa kwa ajili ya marehemu. Alinitazama kwa huruma akasema, "Mwalimu, kutasa ni kwa mtu atakayelala vizuri usiku huo. Yeye amekwisha kulala." Kwa hiyo sina maji ya kukupa, nina karatasi hii tu.

Nilikuwa na hasira nawe, Mama Mghoi. Hasira yangu haikuwa kwa sababu ulisema uongo. Nilikasirika kwa kuwa wewe na binti yetu mlikaa jikoni mkapima na mkaamua kwamba mimi siambiwi, na hesabu yenu ilikuwa sahihi. Mngeniambia, ningemkataza. Angetii. Leo angekuwa darasani, na wewe ungekufa bila kumsalimia mama yako. Nililijua hilo tukiwa Maktau, nikiwa nimekaa kwenye kidaraja, kabla hujaniomba. Kukubali kwamba nina hasira kungenilazimu kukubali pia kwamba ulifanya vyema kunificha, na hilo sikuweza.

Ulikwenda nayo, kama ulivyosema. Ulibeba mzigo wangu ukidhani ni kosa lako, na hakuna namna ya kukufikia nikutue.

Nakuaga nikiwa nimesema kweli mara moja, pasipokuwapo aliyestahili kuisikia.

Mumeo,
Baba Mghoi