Kuku Kumi na Wawili wa Mkwe

Jumamosi, 4 Mei
Nimewaleta. Kumi na wawili, ndani ya maboksi ya sabuni, kutoka shamba analosimamia mkwe wangu. Kule wanaishi kwenye vizimba vya waya, na utagaji ukishuka wanauzwa wote kwa mchinjaji. Mkwe alinicheka. Mama, hawa wamekwisha, hata nyama hawana. Msomi wa mayai! Wanaume wote waliojaa duniani, binti yangu akamwona huyu.
Shingo zimenyonyoka, midomo imekatwa ncha. Mlango wa banda nimeuacha wazi. Hakuna aliyetoka.

Jumatatu, 6 Mei
Bado wamo ndani. Kila mmoja kasimama mahali pake kana kwamba waya bado upo. Nikawatoa mmoja mmoja kwa mkono. Mvua ikanyesha, wakabaki palepale wakilowa – hawajui kuwa mvua hukimbiwa. Nikawabeba tena kuwarudisha. Mgongo wangu!
Mwenye nyumba kapita na mwavuli wake. Kuku si wapangaji, kasema. Mwisho tarehe ishirini na sita, la sivyo atamwita mchinjaji yeye mwenyewe. Mtu aliyeshindwa kuziba bomba mwaka mzima, leo ana haraka.

Alhamisi, 9 Mei
Nilibandika tangazo dukani: kuku bure, kwa mwenye kufuga tu. Wamekuja. Mungu wangu, watu hawa.
Utaratibu wangu ni mmoja. Sisemi kitu. Nampa mtu kuku amshike, natazama mkono. Anayetaka kufuga huweka kiganja chini, miguu ipate pa kukanyaga. Anayewaza sufuria hupapasa kidari.
Shemeji, mdogo wa marehemu mume wangu, kaapa atawatunza kama wanawe. Kidole gumba kidarini muda wote. Na wanawe nawajua, wamekonda. Nimemnyima. Kanuna, kaondoka na nusu ya mkate wangu.

Jumanne, 14 Mei
Mwalimu mstaafu kachukua wanne. Kiganja chini, sawasawa. Lakini kanihutubia nusu saa habari za kuku – mimi! – na tayari kawapa namba. Haya, namba haichinji.
Mwenye saluni naye alitaka wawili wenye manyoya mazuri, wa kupiga nao picha. Nikamwonyesha geti.

Jumatatu, 20 Mei
Wauguzi wawili wanaopanga chumba pamoja wamechukua sita. Waliwaogopa, wakacheka kama watoto, ila mikono yao haina neno. Nimewaandikia maelekezo ukurasa mzima. Hawatausoma.
Wamebaki wawili, wale walionyonyoka kupita wote. Kila anayekuja anawatazama, halafu anatazama saa. Huruma yao ina masharti ya manyoya.

Jumamosi, 25 Mei
Kesho ndiyo mwisho. Mwenye nyumba nimemsikia kupitia ukuta akiongea kwenye simu: mchinjaji aje saa mbili asubuhi.
Saa kumi jioni, nani anabisha hodi? Mkwe. Peke yake, na shati la kazini. Kaacha kazi, anasema. Sikumuuliza kwa nini, naye hakueleza. Kajenga banda nyuma ya nyumba yao, anawataka wale wawili. Nikamwambia, wewe kuku unawajua wakiwa wamefungwa tu. Kainamisha kichwa. Ni kweli, mama.
Nilitaka kumpa mmoja nitazame mkono. Sikupata nafasi. Kapiga mluzi mdogo, ule wa shambani wa wakati wa kumwaga chakula, na wale wawili – wiki tatu nawaita, hawageuzi hata shingo – wametoka bandani mbio, moja kwa moja hadi miguuni pake. Mbio! Sikujua kama wanaweza kukimbia.
Nimechukia. Nimechukia mpaka machozi yamenitoka. Wiki tatu za mgongo wangu, halafu wanamkimbilia huyu. Ama wamesahau alichowafanyia, ama hawajui mtu mwingine.
Nimemwambia angoje. Nimeingia jikoni, naandika haya nimesimama. Dirishani namwona kachuchumaa uani, mikono kaiweka magotini, hajawagusa. Mmoja kapanda juu ya kiatu chake, kalala.
Anauliza tena, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha: mama, niwachukue?